Sababu Niliiacha Masini ya Esanse

Riziki, mutoto wangu, mama yangu,

Umeenda kuagana na wenzako wa korali, na mama yako iko ndani anakunja nguo zako mara ya tatu. Kila akimaliza anaona haiko vizuri, anatosha yote, anaanza tena. Mimi nimekaa hapa kwa baraza na daftari juu ya magoti. Ukungu umeanza kushuka toka juu ya mulima. Umefunika miti ya mikaratusi, umefunika shamba letu la maharagi, na sasa ninaona tu paa la kanisa na kipande kidogo cha majani nilikata jana. Harufu ya yale majani inafika mpaka hapa. Siku zote hii harufu inanipeleka mbali, na leo zaidi, niko kama muntu anaota na macho wazi.

Sitakuambia uvae mupira wa baridi, mama yako ameshakuambia mpaka umechoka. Sitakuambia usali, ju weye unasali kunishinda. Ya chakula, ya wanaume, ya motari wa Goma wanaoendesha kama wameiba pikipiki, hayo yote ninayaruka. Ninataka tu kujibu ulizo lako moja, lile la juzi.

Ulinikuta ninanoa kupekupe yangu ya kukatia majani, ukasema, “Papa, yule Mama musimamizi wa ile kazi yangu ya Goma amesema nichague mwenyewe. Bustani yake ni kubwa, inashuka mpaka karibu na ziwa. Anaweza kununua masini ya kukata majani, ya umeme, ao ya esanse, ao ile ya kusukuma na mikono. Nikifika anataka jibu. Weye ungechagua gani?”

Nikajibu bila kuinua kichwa, “Esanse hapana. Moshi yake inaleta kikohozi.”

Ukaniangalia sana. “Moshi tu, Papa? Miaka hii yote ile masini imelala kwa depo ya parokia, ni ju ya moshi tu?”

“Moshi tu,” nikasema. Halafu nikakutuma maji ya kunywa. Sikuwa na kiu.

Na leo saa ya kula, Shangazi yako Vumilia alipoweka sahani chini akasema, “Haya, Mutoro wetu anatoroka tena! Safari hii mutamutafuta mpaka Goma!” wote walicheka. Ata mimi nilitosha meno. Weye uliinamisha kichwa juu ya sombe na ukacheka nao, kicheko kile chako kidogo. Hapo njo nilisukuma sahani pembeni. Nikaona utapanda pikipiki kesho na lile jina mugongoni, na mimi mwenye kulishona nitabaki hapa nakupungia mukono.

Basi nitakujibu. Ila uniache nianze mbali kidogo. Muoga anapendaka njia ya kuzunguka, na mimi ni muoga, utaona.

Kupekupe nilifundishwa na babu yako. Alikuwa anakata majani kwa wenye ng'ombe kule Burungu, na hakunifundisha kukata, alinifundisha kusimama. Ulimukuta amezeeka, hukumuona kwa salongo. Siku ya salongo, mukini wote, nyumba kwa nyumba, unatoka kukata majani ya barabara bila malipo, watu thelathini, makumi ine kwa mustari mumoja, kila mutu na kile chuma chake cha kupinda, chwa, chwa, chwa, na vichekesho, na habari za nani ameoa, nani ameuza ndama. Halafu babu anainua mukono. Wote wanasimama pamoja na kutosha jiwe la kunoa. Lakini mbele ya kunoa, kwanza wananyamaza. Kidogo tu, muda wa kumeza mate. Unasikia mutoto analia upande wa pili wa mulima. Unasikia ng'ombe, maji, mbwa wa mutu fulani. Nilikuwa kijana, nilifikiri wazee wanapumzika.

“Hatupumziki,” babu aliniambia. “Tuko tunasikiliza kama mulima iko salama. Wa kwetu hakatake majani kwa kelele yake mwenyewe mpaka jioni.”

Nilisema ndiyo, Papa. Nilisema vile watoto wanasemaka ndiyo.

Ile ya kusukuma na mikono ilikuja na Padiri muzee, ule wa ndevu. Visu vyake vinazunguka kama unafungua kopo ya samaki, taratibu, na majani yanaruka nyuma yako mafupi mafupi. Riziki, hakuna kitu kitamu kama ile masini asubuhi ya jua, majani mafupi, kavu. Nilikuwa natembea nyuma yake nasahau kama nina miguu. Lakini ni masini ya watu wa bidii ya kila siku. Ukichelewa juma mbili wakati wa mvua, majani ya hapa kwetu Masisi unayajua, yanafika kwa magoti, na yenyewe inakataa, inayalaza tu chini na kupita juu. Na ikiuma jiwe, kisu kinapinda, utashinda unanyoosha kwa nyundo. Nilipenda sana ile masini. Niliiacha siku ile ile nilipoona ingine yenye kungaa.

Ya umeme unaijua weye mwenyewe, ilikuja baada ya kituo cha afya kupata umeme wa ule muto mudogo. Ni weye ulikuwa unanishikia kamba ya umeme nyuma. Unakumbuka siku ya tatu? Nilikuwa nakuonyesha namna ya kupinda kwenye kona, najifanya mwalimu, “Angalia Papa yako, angalia vizuri,” pa! nikakata kamba yetu wenyewe. Kituo chote kikawa giza, muganga akatoka na glavu mikononi anapiga kelele, “Nani ameniua?” Weye ulicheka mpaka ukakaa chini ndani ya majani. Nilijikasirisha, lakini ndani ya moyo nilisema acha acheke, huyu mutoto hachekake vya kutosha.

Ile masini haina kelele nyingi. Inavuma tu, na ukiniita ninasikia. Ubaya wake ni kamba kila mahali, na majani ya maji maji usiyaguse nayo, umeme hauna rafiki. Siku hizi kuna za betri, hazina kamba. Nimeziona kwa simu ya Padiri muchanga. Betri ikiisha unakaa unangoja, na kungoja si jambo baya kwa muntu wa kazi yetu.

Umeona nimeruka moja. Weye una macho, umeona.

Ile ya esanse ilikuwa nyekundu. Ilitumwa na rafiki za Padiri toka Ulaya, ndani ya sanduku la mbao, na nilipovuta kamba yake mara ya kwanza mukini wote ulitoka inje. Riziki, sijui nitasema namna gani. Nilikuwa muntu wa kupekupe, mutoto wa muntu wa kupekupe, hakuna aliyenitazama mara mbili. Siku ile nikawa muntu wa kupungiwa mikono. Kila nikikata majani ya kanisa, watoto wanapanga mustari kwa barabara, wamama wa soko wanasimama na mizigo yao, wanapunga, wanapiga kelele ambazo mimi sizisikii, na mimi ninainua kofia. Nilinunua kofia ju ya ile masini! Mama yako aliniuliza ile kofia ni ya kazi gani, nikamwambia ni ya jua. Jua gani, hapa kwetu penye ukungu?

Salongo nayo ikaanza kufa. Kwa nini watu makumi ine wajisumbue wakati Papa Riziki na masini yake anamaliza barabara peke yake asubuhi moja? Walinishukuru. Wakabaki manyumbani kwao, na ule muda mufupi wa kunyamaza pamoja ukaisha, na hakuna mutu aliulilia. Mimi njo niliumaliza, na nilifurahi kuumaliza.

Weye ulikuwa na miaka saba. Ulikuwa unakuja na mimi kila siku isiyo ya masomo. Na nilikuwa nimekukataza vikali: masini ikiwa inalia, usivuke yale maua ya Padiri ya pembeni ya kanisa. Kisu kinaweza kurusha jiwe likutoboe jicho. Ulikuwa unasimama nyuma ya maua, vidole vya miguu kwa mupaka kabisa, lakini huvuki. Ushike hilo, Riziki, ju nitalihitaji sasa hivi.

Ilikuwa siku ya soko. Mama yako alikuwa shambani na mudogo wako mugongoni. Nilikuwa nashuka na masini upande wa barabara, na ukungu ulikuwa umeshuka kama leo, ila mwembamba zaidi, kila kitu kinaonekana kutoka mbali na polepole. Nikaona watu wengi wanapita. Wana mizigo, nikasema ni soko. Wanaenda mbio, nikasema wanakimbia mvua. Wananipungia mikono, wengi kuliko siku zote. Yule mama muuza mandazi alisimama kabisa, akaweka beseni chini, akanipungia mikono yote miwili. Nikatoa kofia. Nikaishika juu, nikainama kidogo vile nilionaga wakubwa wanainama. Watu walikuwa wanakimbia vita, na mimi ninawatolea kofia.

Kisha nikageuka na nikakuona. Ulikuwa nyuma ya maua. Ulikuwa unaruka, mikono juu, mudomo wazi, wazi kabisa. Nilikuona vizuri kama ninavyoona hili daftari. Na unajua nilisema nini ndani ya moyo? Nilisema, angalia mutoto wangu anavyonifurahia. Nikakuchekea. Nikazungusha masini nikapita nyuma ya kanisa, ju kule majani yalikuwa yamebaki.

Niliporudi hukuwa pale. Nikafikiri umeenda kunywa maji. Nikaendelea na mustari wangu, na mwingine, mpaka esanse ikaisha na masini ikakohoa ikanyamaza yenyewe. Ayii, mama. Ule ukimya. Hakuna kuku, hakuna muntu wa kukohoa, milango wazi, chungu ya mutu inachemka inje bila mwenyewe. Halafu nyuma ya mulima nikasikia bunduki. Nikakimbia nikiita jina lako, na tayari hakukuwa na wa kunisikia.

Mama yako nilimukuta jioni kwa njia ya Sake, ndani ya darasa moja la shule ambamo watu walikuwa wamejaa. Shangazi yako Vumilia alikuwa pale na wengine wa familia. Mama yako aliangalia nyuma yangu, akaangalia pembeni yangu. Akasema, “Riziki iko wapi?”

Wote wakanigeukia. Nilikuwa bado nimevaa ile kofia.

Nikasema, “Nilimwambia abaki karibu yangu. Akatoroka. Si unamujua, kichwa yake ngumu.”

Hivyo tu. Ilitoka kabla sijaifikiri. Ulimi hauna mufupa, lakini wangu siku ile ulikuwa na akili zake: ulijua kabisa wapi pa kuweka muzigo, ukauweka juu ya mutoto ambaye hayuko.

Tulikutafuta siku nane. Mama yako alianguka kwa daraja la miti, kifundo cha muguu kikavunjika, na akatembea nacho siku mbili zingine kabla ya kukubali kukaa. Njo maana anachechemea. Weye unafikiri unajua kwa nini anachechemea, na kila asubuhi unaamka mbele ya wote kuteka maji yake. Nimekuwa nakusikia ukichukua bidoni, na ninajifunika.

Nilikupata kule Shasha. Nilikuwa peke yangu, mama yako alibaki Sake na muguu wake. Mama mumoja anayeuza samaki alikuwa amekuweka kwake na watoto wake. Alinipeleka pembeni, akapandisha mukono wa nguo, akanionyesha alama za meno.

“Ni mutoto wako aliniuma,” akasema. “Alikuwa amesimama kwa maua anaita, Papa, Papa, Papa. Batu bote banapita, yeye hatoki. Nikamuuliza, Papa yako iko wapi? Akanionyesha nyuma ya kanisa. Nikamwambia twende tumuchukue, akasema, hapana, Papa alinikataza kuvuka. Nikamubeba kwa nguvu. Aliniuma mpaka damu, anataka kurudi kukuita. Sauti yake ilikatika kwa njia. Siku nane haijarudi.”

Nikamushukuru. Nikamupa mukono. Ukatoka ndani, mwembamba, ukanishika suruali na ukaniambia kwa ile sauti ya hewa tupu, “Papa, nilikuita.”

Nikajibu, “Najua. Nyamaza, usichoshe sauti.”

Ningeweza kuishia pale, Riziki. Tungefika Sake, ningesema mbele ya wote: mutoto hakutoroka. Maneno mawili. Lakini tulipofika mama yako alikurukia na kukupiga, vile mama mwenye kuogopa siku nane anapigaka, analia na kupiga, na anasema, “Kwa nini unatoroka? Kwa nini?” Na weye hukuwa na sauti ya kujibu. Ukaniangalia mimi. Nikaangalia majani. Shangazi yako akasema, “Muache, Mutoro amerudi,” na watu wakacheka kwa furaha ya kukuona, na jina likashika.

Tunasemaka njia ya muongo ni fupi. Yangu imeenda miaka kumi na tano na bado ilikuwa na nguvu.

Na kuna lingine, na hili njo baya zaidi, ningetamani niliruke kama nilivyoruka yale ya mupira wa baridi. Ulikuwa na miaka kumi. Ulikuwa unajitayarisha kwa komunyo ya kwanza, kesho yake utaungama. Ulinikuta kwa majani ya kanisa. Ukauliza, “Papa, ile siku nilikuita, ao niliota tu? Shangazi anasema nilikimbia. Mama anasema nilikimbia. Lakini mi naona kama nilikuita.”

Nikakuambia, “Ulikuwa mudogo. Utakuwa uliota.”

Ukaitikia na kichwa, polepole, kama muntu ambaye amesaidiwa. Na kesho yake nilikuona unaingia kwa Padiri, nguo nyeupe, kuomba musamaha ya zambi ambayo ilikuwa yangu. Nilikaa kwa benchi la nyuma. Ulipotoka uso wako ulikuwa muzuri, umetulia. Nikasema, basi, imeisha, Mungu ameiondoa. Kumbe ilikuwa imeingia ndani. Mara mbili umepata kazi ya mbali na mara mbili umekataa, na juzi tu nilikusikia unamwambia rafiki yako kwa kisima, “Mi nilishamuvunja Mama muguu mara moja ju ya kutoroka. Sitaki tena.” Hata hii kazi ya Goma ulikaribia kuikataa. Majani yote nimekata maisha yangu, hakuna yaliyonichoma kama lile neno.

Basi jibu lako. Ukifika, usichague masini siku ya kwanza. Goma udongo ni kitambaa kidogo tu juu ya mawe ya volkano. Toa viatu, tembea ile bustani yote na miguu tupu, polepole, asubuhi, wakati ziwa bado jeupe na hakuna mutu anayekuita. Miguu itakuambia wapi jiwe limetokeza. Kama mawe ni mengi, ile ya kusukuma itakuvunjikia visu, uiache, ata kama Papa yako anaipenda. Kama majani ni mafupi na umeme hauondoki sana, omba ya betri, na uombe kupekupe pamoja nayo kwa pembeni ya kuta. Kama kunashuka sana, na majani marefu, na umeme unakatika juma nzima, chukua ya esanse. Sitakasirika. Ile masini haikufanya ubaya wowote. Ilinifunga masikio, ndiyo, lakini macho yangu ilikuwa imeniachia, na kwa macho nilikuona. Nilitaka tu kuona mutoto wa kunishangilia. Na mudomo niliufunga mimi mwenyewe, kwa miaka yote, bila masini.

Kitu kimoja tu. Ukifika mwisho wa mustari, uzime. Uzime, ugeuke, na kama kuna mutu anakupungia mukono, uende umuulize anataka nini.

Nilitaka hii barua niisokomeze chini ya nguo zako, uisome ukishafika, mimi nikiwa mbali. Nilikuwa nimeshachagua mahali, ndani ya kitenge cha bluu. Nimeandika mpaka hapa njo nikajiona. Ni vilevile tena: nyuma ya kanisa, mahali ambapo sauti yako haifiki. Nimesimama, nimeingia ndani, na sasa nimerudi kwa daftari kukuandikia yaliyotokea.

Nimemwambia mama yako, “Wacha nguo kidogo.”

“Nguo haiko tayari.”

“Riziki hakutoroka siku ile.”

Hakuinua kichwa. Nilimwambia yote, ya maua, ya kofia, ya meno kwa mukono wa yule mama. Mikono yake iliendelea kukunja, halafu ikasimama.

“Yule mama wa Shasha alikuambia lini?”

“Siku ile ile.”

“Siku ile ile.” Alikaa juu ya kitanda. “Nilimupiga, Papa Riziki. Mbele ya batu bote. Unakumbuka?”

“Nakumbuka.”

“Na weye ulikuwa umesimama pale.”

“Nilikuwa nimesimama pale.”

Nilifikiri atanitukana. Ningependa angenitukana. Alichukua kitenge chake, akajifunga, akatoka akanipita kama muntu anapita muti. Nikamuuliza, “Unaenda wapi na ule muguu, na ukungu hii?”

“Nafuata mutoto wangu kwa njia,” alisema. “Na dada yako nitapitia kwake wakati wa kurudi. Kesho asubuhi atakuwa hapa mbele ya pikipiki, yeye na bote, na weye utasema na mudomo yako. Kuandika, unajua kuandika sana.”

Sasa ukungu umefika kwa baraza. Kanisa silioni tena. Ninaandika kwa kukisia tu, mistari inapanda na kushuka. Nimesikia hatua zake, moja nzito, moja nyepesi, mpaka zikaisha. Kisha nimesikia sauti yake huko chini, “Riziki! Eeh, Riziki!” na yako ikajibu, “Niko hapa, Mama!” Halafu kimya. Mumesimama. Ni kirefu, hiki kimya. Nimeinua kalamu, nimeshika pumzi, ninasikiliza.

Umelia. Nimekusikia kutoka hapa.

Naweka kalamu, mama. Ninakuja chini kwa njia, na nitakuambia mbele ya mama yako, hata ukikataa kuniangalia: hukutoroka, na hukuota. Uliniita mpaka sauti ikakatika, na mimi njo sikuja.